Mlima wa Kasubi na Lita ya Petroli

Juu ya mlima wa Kasubi, mjini Kampala, wamezikwa Makabaka wanne wa Buganda, kuanzia Mutesa wa Kwanza aliyefariki mwaka 1884. Chini yake hupita barabara ya Hoima. Asubuhi magari yaendayo katikati ya mji kwa njia ya Nakulabye hupanga msururu, injini zikinguruma na magurudumu yamesimama.

Barabara hiyo ndiyo ingefaa kumwamulia mnunuzi wa gari. Magari mengi ya Uganda huletwa yakiwa yamekwisha kutumika Japani, na kilomita kwa lita zinazosifiwa katika karatasi zake zilipimwa juu ya mtambo wa majaribio, gari likiwa jipya. Lita iunguayo katika msongamano haimfikishi mtu popote, na gari zito hudai zaidi kila linapoondoka tena kupanda mlima.

Tena hesabu yenyewe hudanganya macho. Kwa mwendo wa kilomita 300, gari la kilomita 10 kwa lita hunywa lita 30; la kilomita 15 hunywa 20; la kilomita 20 hunywa 15. Hatua ya kwanza huokoa lita 10, ya pili 5 tu. Askari anayelipa ada za shule kwa mshahara mmoja asikubali kutozwa bei kubwa kwa ajili ya hatua hiyo ya pili. Kabla ya kulipa, amtafute jirani mwenye gari la aina ileile; wajaze tangi pomoni, jirani aende kazini juma zima, wajaze tena, kisha wagawanye kilomita alizokwenda kwa lita zilizoongezwa.