Maua ya Kutazama na Maua ya Kunusa

Kwetu Tanga ua ni harufu. Asumini huchumwa jioni, vitumba vikiwa bado vimefumba, ikatungwa uzi, ikakutanishwa na rehani, mkadi na waridi, ukapata kikuba cha kubandika kifuani au kwenye nywele. Bibi harusi hutandikiwa kitanda kwa asumini. Hakuna anayehesabu majani ya ua wala kulipima shina. Nimeanza na hili kwa sababu bila hilo msomaji hatanielewa nikisema kwamba safari yetu ya kwenda kutazama maua Philadelphia imegeuka, mwaka hadi mwaka, kuwa safari ya kwenda kula.

Tunaishi Lancaster, mji mdogo wa Pennsylvania uliozungukwa na mashamba ya Waamishi, wale wakulima wanaosafiri kwa magari ya farasi. Treni hadi Philadelphia ni saa moja na dakika kidogo. Mwanzoni tulikuwa wawili, mimi na wifi yangu, na tuliichukulia safari ile kwa uzito: tiketi zimenunuliwa mapema, viatu vya kutembelea, chapati zimefungwa kwenye karatasi ya foili ili tusipoteze hela wala muda. Tulikuwa tukiingia mlango ukifunguliwa na kutoka miguu ikishakataa.

Na kwa kweli kuna cha kuona. Chama cha bustani cha Pennsylvania kilianzishwa mwaka 1827, na maonyesho yake ya kwanza yalifanyika 1829. Ndipo watu wa pale walipoonyeshwa hadharani kwa mara ya kwanza lile ua jekundu la Krismasi lenye asili ya Mexico, ambalo ukienda Lushoto utalikuta limejiotea kando ya njia. Tangu 1996 maonyesho yamekuwa katika jumba kubwa la mikutano katikati ya jiji. Nje ni Machi, miti imebaki mifupa, theluji chafu imerundikwa pembeni mwa barabara. Ndani ni bustani nzima zenye maporomoko ya maji, miti iliyochanua na nyasi mbichi.

Kinachonishangaza hadi leo ni kazi iliyo nyuma yake. Maua yale hayachanui Machi kwa hiari yake. Vitunguu vya tulipu huwekwa kwenye ubaridi wiki nyingi hadi viamini kwamba kipupwe kimepita, kisha huingizwa kwenye nyumba ya vioo yenye joto. Mtunzaji akikosea siku chache, ua litachanua kabla ya wageni kufika au baada ya wageni kuondoka. Kazi ya namna hiyo naiheshimu.

Mwaka 2017 Mama alikuwa amekuja kutoka Tanga, tukaenda naye. Mwaka ule maonyesho yalikuwa ya mambo ya Uholanzi, basi tulipu zilikuwa zimetandazwa nyekundu, njano, zambarau, hadi macho yanachoka. Mama akainama kwenye ukingo wa bustani ya kwanza, akavuta pumzi. Akaenda ya pili, akainama tena. Ya tatu akasimama wima.

“Mbona hayanuki?”

“Haya ni ya kutazama, Mama,” wifi akamjibu.

“Nimeshatazama.”

Tulicheka, lakini nilianza kunusa mimi mwenyewe, na tangu hapo sijaacha. Ni kweli. Anayezalisha maua ya biashara huchagua rangi, urefu wa shina, na siku ambazo ua litakaa kwenye chombo bila kunyauka. Harufu haimlipi, na mara nyingi hupotea njiani. Mawaridi ya Naivasha yanayopanda ndege kwenda Ulaya yana habari hiyohiyo.

Nilitaka Mama aondoke na kitu, nikampeleka kwenye meza za mashindano. Kule watu wa kawaida huleta mimea waliyoilea majumbani mwao, waamuzi wakaipa tepe na kuacha kadi zenye maoni yao. Pale palikuwa na vyungu vidogo vya ua ambalo Wamarekani hulifuga madirishani: majani ya duara yenye manyoya laini, yamejipanga kama sahani, na katikati kichwa cha maua ya zambarau. Wenyewe huyafuta majani hayo kwa brashi, kwa kuwa tone la maji baridi huyatia madoa. Kadi ya chungu kimoja ililalamika kwamba safu ya majani ina pengo upande mmoja. Niliutafuta huo upungufu, sikuuona.

“Hili ni la kwetu,” nikamwambia Mama. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, Mjerumani aliyekuwa mtawala wa wilaya huko kwetu, aliutuma mmea huu kwa baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akaupa jina la Saintpaulia, kwa heshima ya familia hiyo. Porini unaota kwenye vivuli vya miamba ya Usambara na milima jirani, na baadhi ya aina zake zimo hatarini kwa sababu misitu inakatwa. Huku una vyama vyake na waamuzi wake.

Mama alisikiliza hadi mwisho, kisha akainama.

“La kwetu, lakini nalo halinuki.” Akasema ana njaa, na chapati baridi hataki.

Wifi alikuwa amesikia kazini kwake habari za Washington Avenue, upande wa kusini wa jiji. Mtaa ule zamani ulikuwa wa maghala na reli ya mizigo. Saigon ilipoanguka Aprili 1975, kambi ya jeshi ya Fort Indiantown Gap, isiyo mbali na kwetu Lancaster, iligeuzwa mahali pa kupokelea wakimbizi, na maelfu ya Wavietinamu na Wakambodia wakapitia pale. Baadhi yao walihamia Philadelphia, na miaka ilivyokwenda maghala yakawa na majirani wapya: masoko ya vyakula, vinyozi, maduka ya dhahabu na migahawa.

Tukaingia mgahawa mmoja wa Kivietinamu, na kwa kuwa hatuli nguruwe, tukaagiza samaki. Kwanza alikuja kwenye chungu cha udongo, amepikwa kwa sukari iliyounguzwa, pilipili manga na mchuzi ule wao wa samaki wa chumvi, ambao Mama aliunusa akasema ni dagaa waliosahauliwa. Kisha likaja bakuli la supu, canh chua: vipande vya samaki, nanasi, nyanya, bamia, na mabua ya jamii ya magimbi yaliyo laini kama sifongo. Mama akaonja, akaweka kijiko chini, akaonja tena. “Huyu ametia ukwaju.” Ametia kweli, ndio unaoipa supu hiyo ukali wake. Kuanzia hapo hakusema neno hadi bakuli likawa nusu.

Pembeni kulikuwa na sahani ya majani mabichi, kila mtu achume atie mwenyewe. Kulikuwa na nanaa, chipukizi za choroko, ndimu, na mabua ya zambarau yenye majani membamba. Mama alichukua bua moja, akalifikicha kwa vidole, akanusa. Rehani. Ya kwao ina ukali kidogo kuliko yetu, lakini ni rehani. Alikata kishada akakichomeka ndani ya mtandio wake, juu ya sikio, akaendelea kula. Mama mtu mzima aliyekuwa akituhudumia aliona, akarudi jikoni, akaleta mabua mengine mawili na kuyaweka mbele yake. Hawakuwa na lugha ya kuzungumza, wakacheka tu.

Mama alirudi Tanga. Sisi tukaendelea kwenda, ila mizani ilikuwa imeshahama: saa za maonyesho zikapungua, chapati zikabaki nyumbani. Baada ya kula tukawa tunapita sokoni kununua vitamu vya kijani vilivyotiwa jani la pandani, ambalo ni ndugu wa mkadi wetu.

Mtaa nao haukukaa vilevile. Hoa Binh, mojawapo ya majengo ya mwanzo ya maduka ya Wavietinamu pale, lililofunguliwa 1990, lilifungwa 2019 baada ya habari kwamba kiwanja chake kinatakiwa kwa nyumba za kuishi. Maonyesho ya 2020 yaliisha siku chache tu kabla jiji halijafungwa kwa sababu ya korona. Tulipohitaji ile supu tukaipata kwenye mikebe ya plastiki, majani yamefungwa mbali kwenye mfuko na yameshasinyaa. Haikuwa supu ile.

Mwaka 2021 na 2022 maonyesho yakahamishiwa nje kwa mara ya kwanza katika historia yake, mwezi Juni, kwenye bustani ya FDR, ambamo wikiendi za msimu wa joto familia zenye asili ya Kambodia, Laos na nchi jirani huuza vyakula vyao. Wengi walilalamikia jua na mwendo mrefu. Mimi naona ndiyo yalikuwa maonyesho bora kuliko yote niliyoyaona, maana lavenda ilinuka, waridi lilinuka, hata udongo ulinuka. Mwaka 2023 wakarudi ndani, na harufu ikabaki nje.

Kwa hiyo, msomaji wa pwani utakayejikuta Philadelphia mwezi Machi, yaone maonyesho, yanastahili kiingilio chake, na saa mbili zinatosha. Jirani kuna soko la Reading Terminal lenye kila chakula, usishibe pale. Shika njia ya kusini hadi Washington Avenue, nusu saa kwa miguu, uagize canh chua ya samaki na wali. Ukimaliza, omba bua moja la rehani uende nalo. Ukilitia kwenye glasi ya maji hutoa mizizi baada ya wiki moja au mbili, na ukilihamishia kwenye chungu litakufikisha hadi baridi ya Oktoba.