Nafasi Moja Iko Wazi

Laptopu ikianza kuwa nzito, mtaa mzima una ushauri mmoja: uza, nunua ingine. Jirani atakuambia hivyo. Muuzaji wa Luthuli Avenue naye atakuambia hivyo, huku ameshaishika yako mkononi kama mtu anayepima kuku. "Hii imechoka, bosi. Niachie, ongeza elfu kumi na tano nikupe ile nyembamba."

Elfu kumi na tano ni kodi yangu ya nyumba ya miezi miwili. Mimi huandika makala na kunakili mahojiano, nalipwa kazi kwa kazi. Mwezi mbaya ukifika, namwamkia keateka kwa heshima isiyo ya kawaida. Pesa kama hiyo ningeipata haraka kwa programu za mikopo kwenye simu tu, na hizo mnazijua.

Mashine yenyewe ni ThinkPad X230, modeli ya 2012, mtumba wa kutoka Uingereza. Mama aliinunua kwa pesa ya chama nilipoingia chuo. Mwaka wa pili karo ilikataa, nikaacha. Laptopu haikuacha. Ndiyo kitu pekee nilichotoka nacho kampasi ambacho hadi leo kinaleta unga. Kwa hivyo muuzaji akisema imechoka, samahani, lazima anieleze ni wapi.

Ilikuwa na RAM ya GB 4. Nikifungua sauti ya mahojiano, hati ninayoandika na kurasa sita za brauza, kila kitu kinaganda. Fikiria jikoni kwa bedsita. Kaunta yako ni ndogo, ikijaa unaanza kusukuma sufuria chini ya kitanda, na kila ukitaka chumvi unapiga magoti kuitafuta. Hivyo ndivyo kompyuta hufanya RAM ikijaa: inahamishia vitu kwenye diski, na diski, hasa ile ya zamani inayozunguka, iko polepole mno ukilinganisha na RAM. Mpishi hana shida. Kaunta ndiyo ndogo.

Kabla hujatoa hata shilingi, angalia. Kwenye Windows 10 bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja, ingia sehemu ya utendaji wa mashine, kisha kumbukumbu. Utaona RAM uliyo nayo, imetumika kiasi gani, na nafasi ngapi zimejazwa. Yangu ilisema moja kati ya mbili. Miaka yote hiyo nafasi moja ilikuwa wazi, na hakuna aliyenipa ushauri wa kuuza aliyewahi kuangalia.

Nilinunua kipande cha GB 8, used, kwa shilingi 2,500. Hapa usiende kwa pupa. DDR3 haiingii mahali pa DDR4. Pengo la chini limekatwa sehemu tofauti, kwa hivyo ikikataa usiilazimishe. Angalia pia ile herufi L: DDR3L hutumia volti 1.35 badala ya 1.5, na mashine nyingi zilizofuata hutaka hiyo ya L tu. Beba kipande chako cha zamani ukalinganishe. Na uliza kama unaweza kujaribu hapo hapo dukani.

Kazi yenyewe ni fupi. Zima kabisa, chomoa chaja, toa betri. Gusa chuma kwanza ili umeme tuli utoke mwilini. Fungua kimlango cha chini kwa bisibisi, ingiza kipande kwa mshazari, kikandamize hadi vishikizo vya pembeni vilie "ka". Nilipowasha, skrini ilikaa nyeusi sekunde kadhaa, na nikakumbuka maombi yote ya Sunday school. Kisha ikawaka. GB 12.

Sitawadanganya kwamba ilizaliwa upya. RAM haibadilishi prosesa, na Windows 11 rasmi bado haiitaki mashine ya umri huu. Betri pia ni ile ile ya kukaa karibu na soketi. Lakini sauti, hati na kurasa zangu sasa zinakaa pamoja bila kugombana, na kazi ya siku mbili imerudi kuwa ya siku moja. Hiyo tofauti ndiyo kodi.

Kinachonisumbua ni ile nyembamba niliyokuwa nauziwa. X240, iliyofuata yangu mwaka 2013, ina nafasi moja tu ya RAM. MacBook Air haina hata hiyo moja. RAM yake imechomelewa kwenye bodi. Ukinunua ya GB 4, umenunua GB 4 hadi kifo. Kwa mtu wa mshahara, sawa. Kwa sisi tunaonunua maisha kwa vipande, leo kidogo, mwezi ujao kidogo, mashine isiyokubali kuongezewa ni ghali hata kama bei yake iko chini. Ukienda dukani, usiulize tu ina RAM ngapi. Uliza pia itakubali ngapi.

Mama hupiga simu Jumapili. Hajawahi kuniuliza kama nitarudi chuo. Huuliza, "Ile kompyuta bado inafanya?"

Inafanya, Mama. Tena imeongezwa.