NILIPOSTI SWETA LA WATU, NIKAAMBIWA NILIFUME

Leo sina umbea wa mtu. Leo umbea ni wa kwangu mwenyewe, na naomba mnicheke taratibu maana bado naishi mtaa uleule.

Kwa wasionijua, mimi niko Mbeya, nina kibanda cha kutuma na kutoa pesa maeneo ya Mwanjelwa. Hela ya uwakala ni ya kuungaunga, kwa hiyo pembeni nafuma. Nimeanza tangu niko darasa la tano, enzi hizo sindano zetu ni spoku za baiskeli tulizokuwa tunazinoa kwenye jiwe. Kofia za watoto wachanga, soksi, skafu, hivyo nafuma hata umeme ukikatika. Na baridi ya huku mwezi wa sita na wa saba, ile ukiongea asubuhi moshi unatoka mdomoni, vitu vya uzi vinauzika.

Shida ilianza na tamaa ya kuonekana. Mwezi wa tano nikakutana na picha Pinterest: sweta la vifungo, rangi ya maziwa, limejaa misokoto kuanzia kifuani mpaka mgongoni, yaani kama mtu kasuka nywele halafu akazigeuza nguo. Nikaipakua. Nikairusha WhatsApp na Insta, chini nikaandika "Kazi ya mikono yangu, oda zipo wazi." Wadau, nilikuwa sijawahi kufuma msokoto hata mmoja. Nikajiambia ni picha tu, mbona wauza keki wanaposti keki za watu kila siku.

Laiki zikamiminika. Shosti yangu mmoja akaandika "kumbe una kipaji hivi na umenyamaza tu." Nikamjibu Mungu ni mwema.

Saa tatu usiku ikaingia meseji ya mama mmoja mtu mzima, ana duka la vifaa vya ujenzi, kila Jumatatu anakuja kutoa hela kwangu. "Mwanangu nimeliona sweta. Nataka hilohilo, lisipungue kitu. Bei gani?" Nikataja elfu tisini ili akimbie. Hakukimbia. Baada ya dakika tano elfu hamsini ikasoma kwenye simu. "Nyingine ukimaliza. Nalitaka kabla ya Nane Nane, nina banda kule uwanjani na asubuhi kunakuwa na baridi."

Hapo ndipo ningesema ukweli. Ila nilikuwa nadaiwa kodi ya mwezi, elfu thelathini na tano. Asubuhi hela ya yule mama ikawa ya mwenye nyumba. Iliyobaki nikanunulia uzi. Kwa hiyo kurudisha ikawa haiwezekani tena, njia iliyobaki ni kulifuma kweli.

Ngoja niwaeleze msokoto unavyofanyika, muone balaa nililojitakia. Chukulia una vitanzi sita kwenye sindano. Vitatu vya kwanza huvifumi, unavitoa na kuviweka kwenye kijiti kidogo cha pembeni. Mimi kijiti changu kilikuwa njiti ya mshikaki niliyoikata na kuisugua. Hicho kijiti unakiacha kining'inie mbele ya kazi, unafuma vitatu vinavyofuata, halafu unarudi kuvifuma vile ulivyovitoa. Vimepishana. Ukiacha kijiti mbele, msokoto unalalia kushoto. Ukikiweka nyuma, unalalia kulia. Kwa mmoja ni rahisi. Sasa lile sweta lilikuwa na misokoto minane mgongoni peke yake, nusu inalala huku, nusu inalala kule, na kila baada ya mistari michache lazima uipishe tena. Ukisahau hesabu, umekwisha.

Na mimi nilikuwa nafumia kibandani. Nahesabu kumi na nne, kumi na tano, mtu anatokea dirishani, "Dada, nitolee elfu kumi." Nikimaliza kumhudumia sijui nilikuwa kumi na tano au hamsini. Siku moja nilimpa kaka mmoja elfu thelathini badala ya elfu ishirini kwa sababu kichwani nilikuwa nahesabu vitanzi. Aliirudisha, Mungu ambariki. Kuanzia hapo nikanunua daftari la mia tano, kila mstari ukiisha natia alama ndiyo nainua macho.

Kingine ambacho picha haikuniambia: misokoto inakula uzi. Vile vitanzi vikipishana vinavuta nguo ndani, inakuwa nyembamba, kwa hiyo unaanza na vitanzi vingi kuliko sweta la kawaida. Mimi nilianza na hesabu ya sweta la kawaida. Nikafuma mgongo mpaka katikati, nikaupima, ukawa unamtosha mtoto wa darasa la pili. Nikafumua wote. Wiki nzima ya kazi ikarudi kuwa donge ndani ya robo saa.

Uzi nao ukaniishia kabla ya mikono. Nikarudi dukani, nikachukua rangi ileile, nimefika nyumbani nikaweka pamoja juani: moja ni maziwa, nyingine ni maziwa yenye chai kwa mbali. Kumbe kwenye karatasi inayozunguka donge kuna namba ya mkupuo wa kutia rangi, na namba zikitofautiana rangi nayo inatofautiana. Ikabidi uzi mpya niutumie mikono yote miwili na ukanda wa vifungo, ili ionekane nimepanga. Wanaofuma, hiyo namba isome kabla hujatoa hela.

Aliyeniokoa ni bibi mmoja anayekaa nyuma ya nyumba tuliyopanga. Alikuwa ananiona kila jioni mlangoni nafuma na kufumua, akadhani nina msongo. Siku hiyo nilikuwa nimegundua msokoto mmoja umelala upande usio wake, mistari ishirini na nne chini. Nikaanza kuchomoa sindano nifumue tena. Akanishika mkono. "Unabomoa nyumba kwa sababu ya tofali moja?" Akadondosha vile vitanzi sita tu, akaviacha vikimbie mpaka kwenye kosa, kama ngazi, akavipishanisha upya, halafu kwa sindano yenye ndoano akavipandisha mstari mmoja mmoja mpaka juu. Dakika arobaini. Jirani zake vile vitanzi havikujua hata kama kuna kilichotokea. Nikamwambia ndaga fijo, akacheka, akasema jifunze kufuma kwanza, Kinyakyusa baadaye.

Usiku nikiwa kitandani nikawa napekua simu nijue hii misokoto imetoka wapi. Masweta ya hivi ni maarufu visiwa vya Aran, Ireland, kwa wavuvi. Kuna hadithi inasambaa kwamba kila familia ilikuwa na mtindo wake, ili mtu akizama baharini atambulike kwa sweta. Wanaofuatilia historia wanasema si kweli. Chanzo kimoja kinachotajwa ni tamthilia ya J. M. Synge, Riders to the Sea, iliyoigizwa mara ya kwanza Dublin mwaka 1904. Humo kuna msichana anaitambua soksi ya kaka yake aliyezama. Na haitambui kwa urembo, soksi yenyewe haina urembo. Anahesabu vitanzi, anakumbuka alidondosha vinne alipokuwa anaifuma.

Hiyo ikanikalia vibaya. Yule msichana aliijua kazi yake mpaka kosa lake. Mimi mtaa mzima unanijua kwa sweta ambalo sijui hata lilifumwa nchi gani.

Na yule mama alikuwa hanipi nafasi ya kusahau. Kila Jumatatu akija kutoa hela anawaambia waliopanga foleni, "Huyu binti mnayemuona hapa ni fundi, mmeliona lile sweta lake?" Watu wananigeukia. Mimi natazama droo. Jumatatu moja akaja na rafiki yake, kashika elfu hamsini mkononi, naye anataka kama lile la kwenye picha. Nikamwambia mama, kwa sasa sipokei oda. Akaniona nina maringo. Kumbe ndiyo mara ya kwanza tangu mwezi wa tano nilikuwa mkweli.

Nilimaliza tarehe nne mwezi wa nane, saa saba usiku, kwa mwanga wa simu. Kufua, kulitandaza, kushona vifungo. Halikuwa kama la kwenye picha. Lilikuwa zito zaidi, mikono ina rangi yake, na kwenye mkono wa kushoto karibu na kiwiko kulikuwa na msokoto mmoja umelala vibaya. Niliuona wakati nimeshaunganisha kila kitu. Ningeweza kunyamaza. Asiyefuma haoni.

Kesho yake nikalipeleka dukani kwake. Nikasalimia, shikamoo mama, marahaba mwanangu, nikalitandaza juu ya kaunta. Akaanza kulipapasa kimyakimya. Nikaona nikisubiri asifie sitaweza tena, nikasema hapohapo. Mama, ile picha haikuwa kazi yangu. Niliitoa mtandaoni. Hili ndilo sweta langu la kwanza la hivi, na hapa kwenye kiwiko nimekosea.

Akavaa miwani. Akaangalia kiwiko, akaniangalia mimi.

"Nilijua."

Nikabaki mdomo wazi.

"Kwenye ile picha yako nyuma kuna dirisha. Nje ya dirisha kuna theluji. Mbeya hii theluji umeitoa wapi?"

Wadau, nilirudi kuiangalia ile picha baadaye. Theluji ipo, imejaa mpaka kwenye matawi. Watu zaidi ya mia waliitazama, mimi nimeiangalia miezi mitatu nikihesabu vitanzi, hakuna aliyeona isipokuwa mteja aliyelipa.

Nikamuuliza, sasa mama kama ulijua mbona ulitoa hela? Akasema nimekuwa namhudumia miaka miwili, sijawahi kumpunja hata shilingi, akataka kuona nitafanyaje. Halafu akahesabu elfu thelathini badala ya arobaini. Nikamtazama. "Elfu tano ya kiwiko," akasema, "elfu tano ya theluji." Akalivaa palepale, juu ya kitenge, akarudi kuuza misumari.

Ile picha nimeifuta. Nimeweka ya kwangu, imepigwa dukani kwake, kuna mifuko ya saruji nyuma. Laiki ziko kumi na tisa tu. Ila ukivuta kwenye kiwiko cha kushoto utaona kosa langu, na yule rafiki yake wa elfu hamsini ameshaliona, na amesema lake nilifume hivyohivyo ila bila theluji.

Haya, na wewe mwenye keki za watu kwenye simu yako, shuka chini hapo utuambie. Mimi nimeshaanza.