Nafasi Kati ya Punje

Wanaonijua kwa kazi hudhani nilikuwa mtu wa mabomba. Kwa kweli riziki yangu imetoka kwenye uwazi: zile nafasi zinazobaki kati ya punje na punje ndani ya matangi ya kuchujia maji, huku chini ya milima, kuanzia Chimala hadi Wanging'ombe. Miaka yote ya kuzikokotoa nafasi hizo imeniachia dai moja. Mlinganyo wa maji yapitayo mchangani haukuwahi kunipa jibu la kuaminika kuhusu siku ambayo chujio litaziba. Ulichonipa ni bei ya kila kosa, na ndiyo maana nimeishi nikibishania chekeche na maji ya kuoshea mchanga zaidi kuliko nilivyobishania zege.

Mwaka 1856 Henry Darcy, mhandisi wa mji wa Dijon, Ufaransa, alionyesha kwamba kasi ya maji mchangani hulingana na tofauti ya kimo cha maji kati ya juu na chini ya tabaka. Kozeny mwaka 1927, kisha Carman miaka kumi baadaye, waliingiza kwenye mlinganyo huo ukubwa wa punje na kiasi cha uwazi. Hapo ndipo penye utajiri. Punje ikipungua unene kwa nusu, ukinzani huwa mara 4. Uwazi ukishuka kutoka asilimia 40 hadi 30, ukinzani huzidi mara 3, ingawa kwa macho mchanga ni uleule. Uwazi hushuka kwa sababu ndogo kabisa: punje za ukubwa mchanganyiko zikimwagwa pamoja, ndogo huingia katikati ya kubwa. Mchanga wa mtoni usiochekechwa ndivyo ulivyo. Mkulima wa Usangu anayeutandaza mpunga kwa tabaka jembamba ili ukauke analijua jambo hili bila hesabu: hewa nayo hudai njia.

Mtu makini atanipinga hapa. Chukua tabaka la mita 1 lenye punje za milimita 0.3 na uwazi wa asilimia 40, ulipitishie maji kwa kasi ndogo ya mita 0.1 kwa saa. Hesabu inasema mchanga safi utakula sentimita 3 tu za kimo. Chujio la aina hii huachwa lifanye kazi hadi upotevu ukaribie mita 1, na sehemu kubwa ya upotevu huo hutokea kwenye utando wa juu, ule wa tope na viumbehai wanaosafisha maji. Basi mlinganyo unaoeleza sentimita 3 kati ya 100 una faida gani? Nimelisikia swali hili mara nyingi, na nalikubali nusu. Utando hauelezeki kwa Kozeny; unabadilika kila siku. Lakini zile sentimita 3 ndizo kipimo cha uzima. Mrija wa kupimia ukionyesha sentimita 10 siku ya kwanza, kabla utando haujaota, tope limejificha kwenye kina ambacho ukwanguaji wa utando hautakifikia, au punje si zile tulizolipia. Hakuna kipimo cha bei nafuu kuliko hicho.

Vijana wa sasa hunionyesha programu za kompyuta zinazofuata maji yakizunguka punje moja moja. Nazipenda, tena bila kinyongo. Ila programu hutaka kuambiwa umbo na mpangilio wa punje, na sisi mara nyingi hatujui hata ukubwa wake wa wastani. Isitoshe, maji ya milimani yenye nyuzijoto 10 yana mnato unaozidi ule wa maji ya nyuzijoto 25 kwa karibu nusu. Kipimajoto hurekebisha kosa la kulipuuza hilo kwa dakika chache.

Pingamizi zito zaidi linatoka mtoni. Masika yakianza, maji yanayoteremka milimani huwa mekundu, na mchanga mwembamba hauwezi kubeba tope hilo hata uwe umechekechwa vipi. Wengine husema tutumie shabu kugandisha tope. Inafanya kazi, lakini inadai kununuliwa, kusafirishwa na kupimwa kila siku. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wa miaka ya 1980 kuhusu vichujio vya kokoto vya ulalo, ambao Tolly Mbwette alikuwa miongoni mwa walioufanya, ulionyesha njia nyingine: maji yapite kwanza kwenye kokoto, kubwa zikitangulia na ndogo zikifuata, yaangushe tope humo ndipo yaufikie mchanga. Mlinganyo uleule unaolaani uwazi mdogo unaeleza kwa nini kokoto hubeba tope jingi bila kuziba upesi.

Kinachobaki ni mchanga wenyewe. Ukikwangua sentimita 2 za juu kila utando unapoziba, safari 20 zinatosha kulishusha tabaka la mita 1 hadi sentimita 60, na hapo halina budi kujazwa upya. Mchanga uliokwanguliwa unaweza kuoshwa ukarudishwa, ila maji ya kuuosha, kivuli cha kuuhifadhia na ujira wa mwoshaji ni mambo ambayo katika bajeti nyingi nilizopitia hayakuwa na hata mstari mmoja.