Steringi hafi, na wale wengine tisa je?

Kwenye mabanda ya video kule kwetu Tandala, Makete, kila mtoto anaijua sheria moja: steringi hafi. Anaingia msituni peke yake na bunduki isiyoishiwa risasi, anamaliza kambi nzima, anatoka na jeraha moja begani. Tumekua tukiamini kwamba hivyo ndivyo vita vinavyopiganwa.

Wewe uliyepita JKT kwa mujibu wa sheria unajua habari nyingine. Kuruta haishi peke yake. Kuna seksheni, watu kama kumi chini ya koplo. Seksheni tatu zinafanya platuni, anaiongoza luteni akisaidiwa na sajenti. Juu yake kuna kombania, ya kapteni au meja. Na seksheni haiendi mbele kama kundi la mbuzi. Wengine wanafyatua risasi ili adui ainamishe kichwa, wengine wanasogea, halafu wanabadilishana. Ukileta usteringi hapo, unaua wenzako.

Zipo filamu zinazokaribia ukweli. Saving Private Ryan ya 1998 ina askari wanane, na kila mtu na kazi yake: mdunguaji, tabibu, mkalimani. Ila hata pale kiongozi ni kapteni, mtu ambaye kwa kawaida angekuwa na kombania nzima. Filamu nyingi pia zinawatembeza askari wakiwa wamebanana ili kamera iwapate wote. Jeshini mnaachiana nafasi, bomu moja lisiwamalize.

Kinachoniuma ni Kagera. Majeshi ya Amin yalivamia Oktoba 1978, na Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Pamoja na JWTZ walikwenda mgambo, watu waliotoka mashambani. Mzee mmoja wa kijijini kwetu akisimulia, hasemi "nilipiga". Anasema "tulikuwa", kisha anataja aliyekuwa kulia kwake, aliyekuwa kushoto, na nani hakurudi. Kwenye banda la video sijawahi kuikuta hadithi ya namna hiyo, na wazee wenyewe wanapungua kila mwaka.

Sisi wa ualimu tunakwenda kufundisha watoto waliolelewa na steringi. Filamu tuwaache waangalie, kiukweli ni tamu. Ila tuwaulize: wale wengine tisa walikuwa wapi? Na wewe likizo hii, kama kijijini kwenu yupo mzee wa Kagera, kaa naye. Muulize majina ya seksheni yake, uyaandike.