Mbegu za saladi zinavyopenda baridi ya Lushoto

Ukiacha barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Arusha pale Mombo, gari huanza kuipanda milima ya Usambara kona baada ya kona. Joto la tambarare hubaki nyuma. Ukipita Soni na maporomoko yake ya maji, abiria huanza kufunga madirisha. Safari ni ya kilometa zaidi ya 30 tu, lakini ukifika Lushoto, mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari, utadhani umeingia nchi nyingine.

Ubaridi huo uliwavuta Wajerumani, wakauita mji huo Wilhelmstal. Leo ndio unaowapa Wasambaa riziki. Mabondeni kila kipande chenye maji kina mboga: kabichi, karoti, hoho na nyanya. Pembeni, wapo wanaotenga tuta moja au mawili kwa vitu visivyozoeleka kwenye sufuria za nyumbani, kama saladi, rukola, pasili na thaimu. Jikoni kwao wenyewe mboga ni mchicha na mnavu. Hayo mengine ni ya hoteli na walaji wa mjini.

Kazi huanzia kitaluni, na hapo ndipo wengi hupotezea fedha. Mbegu ya saladi ni nyembamba na aina nyingi huhitaji mwanga ili ziote, kwa hiyo haifukiwi, hunyunyiziwa udongo laini kiasi cha kuificha tu. Joto likizidi nyuzi 30 hivi, mbegu hulala tu hata ikimwagiliwa kila siku. Ndiyo maana mkulima wa Lushoto huotesha kwa urahisi kile ambacho mwenzake wa Tanga mjini hukitafutia kivuli.

Rukola haina maringo: huota ndani ya siku chache, na majani huchumwa baada ya wiki nne hadi sita. Pasili ni kinyume chake. Huweza kukaa wiki tatu au zaidi bila dalili, na asiyeijua hulipindua tuta akidhani ameuziwa mbegu mbovu. Kuiloweka usiku kucha husaidia. Punje ya giligilani ina mbegu mbili ndani yake, hivyo husagwa kidogo kwa kiganja ili zitengane. Mrehani hupenda joto, na baridi ya Juni na Julai huudumaza.

Ugumu mwingine ni soko. Kabichi huvumilia safari ya lori hadi Dar es Salaam, lakini saladi hunyauka. Hoteli ikikosa wageni, mnunuzi hutoweka, na tuta zima hutoa mashina ya maua huku majani yakigeuka machungu. Kabichi iliyokosa mnunuzi huliwa nyumbani wiki nzima, lakini thaimu haishibishi mtoto. Kwa hiyo wenye busara hupanda kidogo kidogo kila baada ya wiki mbili, na hawaliachii zao hilo shamba lote.

Hata hivyo, saladi iliyotoa maua haijawa hasara yote. Ua lake hujichavusha lenyewe, hivyo mbegu zake huzaa mmea unaofanana na mama, mradi haikuwa chotara. Mashina machache yakiachwa yakauke, mbegu hupurwa, hupepetwa na kuhifadhiwa mahali pakavu na baridi, na huweza kufaa kwa miaka kama mitatu. Rukola huchavushwa na wadudu, kwa hiyo aina mbili zikikaribiana huchanganyika.

Lipo pia jambo la afya. Majani haya huliwa mabichi, hayapiti motoni. Samadi mbichi ikiwekwa shambani, au mboga ikioshwa kwa maji ya mto ambao watu hufulia nguo, maradhi husafiri na fungu hadi mezani. Samadi iliyooza vizuri na maji safi ya kuoshea ni sehemu ya kilimo chenyewe.

Msomaji wa bondeni anayetaka kujaribu anaweza kuanza na trei moja chini ya mwembe, msimu wa baridi, akimwagilia asubuhi na jioni. Saladi ya majani yaliyoachana huvumilia joto kuliko ile inayofunga kama kabichi. Aanze na hiyo, achume majani ya nje, aache moyo uendelee kuchipua.