Kompyuta ya zamani na gemu mpya: tuulize kabla ya kulipa

Lipo swali ambalo wazazi wengi huulizwa na vijana wao siku hizi, na wengi hulijibu kwa ukali au kwa kunyamaza. Kijana huuliza: je, kompyuta hii itaweza kucheza gemu ile? Mzazi asiyeyajua mambo hayo husema kwamba gemu ni upuuzi, na mazungumzo huishia hapo. Kwa maoni yangu, swali hili ni la biashara kabla halijawa la michezo. Ndani yake mna fedha ya halali iliyotoka jasho, mna bidhaa iliyokwisha kutumika, mna muuzaji anayeisifia, na mna mnunuzi anayetamani kuamini.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alipomaliza kidato cha nne alikaa mwaka mzima akifyatua tofali na kubeba mizigo siku za gulio. Alikusanya shilingi 450,000. Wazo lake lilikuwa kununua kompyuta iliyotumika, aweke EA Sports FC 25, na vijana wa hapa Genkuru wawe wanalipa kidogo kwa kila mechi. Dada yangu hakumkataza, ila alimwekea sharti moja: amwulize kwanza mjomba wake, kwa kuwa mimi ndiye ninayeandika hesabu za msikiti kwa kompyuta.

"Mjomba," aliniambia, "ni Core i7. Mwenye duka anasema inacheza kila kitu."

Nilimwomba aniandikie mambo manne kuhusu mashine hiyo: jina kamili la prosesa, ukubwa wa RAM, aina ya kadi ya michoro, na nafasi ya diski. Si lazima mtu awe fundi ili ayapate. Katika kompyuta yenye Windows, hubonyezwa kitufe cha Windows pamoja na herufi R, huandikwa dxdiag, na dirisha linalofunguka huonyesha karibu yote. Alirudi jioni na karatasi yake: prosesa Core i7-3770, RAM GB 4, diski ya GB 500, na kadi ya michoro hakuna, isipokuwa ile ndogo iliyomo ndani ya prosesa yenyewe.

Upande wa pili wa karatasi tukaandika yale ambayo mchezo unayataka. Watengenezaji wa michezo hutangaza kiwango cha chini ambacho kompyuta ikiwa nacho, mchezo utachezeka. Kwa FC 25, iliyotoka Septemba 2024, kiwango hicho ni prosesa ya Core i5-6600K au inayolingana nayo, RAM GB 8, kadi ya michoro ya GTX 1050 Ti yenye GB 4 au mfano wake, DirectX 12, na nafasi ya GB 100 katika diski.

Hapo kijana alifurahi. Saba ni kubwa kuliko tano, hivyo aliona i7 yake imeishinda i5. Nikamweleza kwamba ile 7 hutaja daraja la prosesa miongoni mwa wenzake wa zama moja, ama umri wake husomwa katika tarakimu zinazofuata. 3770 ni kizazi cha tatu, cha mwaka 2012. 6600 ni kizazi cha sita, cha mwaka 2015. Kwa insafu, prosesa ile ya zamani haikuwa dhaifu. Ina viini vinne vinavyoweza kushughulikia kazi nane kwa pamoja, na kwa upande huo sifa za muuzaji zilikuwa na ukweli ndani yake.

Tatizo lilikuwa kwenye michoro. Mchezo wa mpira huchora uwanja mzima upya mara 30 au 60 kila sekunde: nyasi, vivuli, jezi na mashabiki. Kazi hiyo ni ya kadi ya michoro. Ile ndogo iliyomo ndani ya i7-3770 huitwa HD Graphics 4000, nayo huishia DirectX 11. DirectX ni lugha ambayo mchezo huitumia kuiagiza kadi nini cha kuchora, na mchezo huu huagiza kwa lugha ya 12. Kwa hiyo mpwa wangu asingepata hata mchezo unaokwamakwama. Angelipa fedha yake yote, kisha mchezo ukatae kufunguka.

Je, mashine hiyo ingetengenezeka? Ndiyo, kwa gharama. Kadi ya GTX 1050 Ti, iliyotoka mwaka 2016, hutumia takribani wati 75 tu, na nyingi za aina hiyo hupata umeme kutoka katika ubao zinapochomekwa, bila waya wa ziada. Hata hivyo kasha la kompyuta ile lilikuwa lile jembamba la maofisini, ambalo halipokei kadi ya kimo cha kawaida. Ingebidi itafutwe ile fupi. RAM ilipaswa kuongezwa mara mbili. Kisha kulikuwa na zile GB 100 za kupakuliwa, na kila anayenunua bando la simu hapa kwetu anajua uzito wa tarakimu hiyo. Tulipojumlisha, 450,000 ilikuwa imekwisha kabla mechi ya kwanza haijachezwa.

Siku iliyofuata tulikwenda pamoja mjini Tarime kwa mwenye duka. Sikumwona kuwa mwongo. Alipoulizwa kuhusu kadi ya michoro alisema kwa utulivu kwamba hayo hayajui, naye huambiwa hivyo na anayemletea mzigo. Nilikumbuka kisa mashuhuri cha Mtume (s.a.w.) sokoni, alipotia mkono katika rundo la chakula akakuta unyevu chini ya kilichoonekana kikavu, akamtaka mwenye mali auweke juu watu wauone. Kompyuta iliyotumika nayo ni rundo la namna hiyo. Juu imefutwa vumbi na kubandikwa lebo inayong'aa. Chini mna umri wake, RAM yake na kadi isiyokuwapo. Muuzaji anayeujua unyevu huo ana wajibu wa kuusema, na asiyeujua ana wajibu wa kusema "sijui" kabla ya kusema "inacheza kila kitu".

Mpwa wangu alinyamaza njia nzima tuliporudi, na kwa siku mbili hakuja kwangu. Sikumlaumu. Kijana aliyebeba magunia mwaka mzima anastahili kusikitika ndoto yake inapopimwa kwa tarakimu. Siku ya tatu alikuja na daftari.

"Mjomba, kwa hiyo gemu basi?"

"Si basi," nilimjibu. "Ni hesabu. Mashine hii inaweza nini leo, na inahitaji nini kesho?"

Leo iliweza kuchapa mitihani ya shule, barua na maombi ya kazi, mambo ambayo wengi wetu hupanda bodaboda kwenda kuyatafuta mjini. Tukaweka pia katika mizani kwamba Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 kwa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na kwamba prosesa ya kizazi cha tatu haimo katika orodha ya zile zinazokubaliwa rasmi na Windows 11. Mwenye duka alizisikiliza hoja hizo zote, na badala ya 450,000 aliyoitaka akakubali 280,000. Kijana akanunua mashine akiijua ilivyo. Sasa anachapa kazi za watu, RAM amekwisha kuiongeza, na katika daftari lake mstari wa kadi ya michoro bado uko wazi. Masharti ya muda wa swala na ya kuepuka kamari tuliyazungumza pia, na hayo yanahitaji makala yake.

Ndugu wazazi, mtoto anapokuuliza kama kompyuta itaweza, keti naye uandike safu mbili: kilichomo na kinachotakiwa. Kama mchezo unanunuliwa katika duka la Steam, mjulishe kwamba duka hilo hurudisha fedha ikiombwa ndani ya siku 14, maadamu mchezo haujachezwa kufikia saa 2. Saa moja ya kuketi pamoja hivyo humfundisha kijana kuuliza kilichomo ndani ya kitu kabla ya kukilipia. Kesho atauliza hivyo hivyo kuhusu simu, pikipiki na shamba.

Mwenyezi Mungu awajaalie vijana wetu riziki ya halali, na awape macho ya kuona kilicho chini ya rundo.